Swali Ambalo Mzee Saidi Hakuliuliza

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja nilipoweka meza mbele ya mlango wa ukumbi wa vijana wa Kamembe, nikaitandika kitambaa cheupe, nikapanga juu yake kalamu mbili na rundo la fomu, nikakaa nyuma yake kama hakimu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Shati langu lilikuwa limepigwa pasi mpaka linameta. Niliamini kwamba siku hiyo ndipo kituo kile kinaanza kazi ya kweli, na kwamba kinaanza kwa sababu nimefika mimi.

Nimesikia umeajiriwa kusimamia kituo cha vijana na umeshapewa funguo. Ndiyo maana nakuandikia. Mengine utafundishwa na waliokuajiri. Hili sidhani, kwa sababu wengi wao hawakuwepo, na waliokuwepo hawapendi kulisema.

Kwanza ujue nilikuwa nani, maana sikufika pale kwa kubebwa. Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Zaire, mtoto wa wakimbizi wa Rwanda. Nilisoma kwa kuuza sambaza kavu, dagaa wa ziwani: asubuhi darasani, mchana sokoni na beseni. Diploma ya serikali ya Zaire, ambayo wenzangu wengi waliikosa mara mbili na tatu, mimi niliipata mara ya kwanza, na mwalimu wa hesabu alinipa mkono mbele ya shule nzima. Tuliporudi Rwanda baada ya vita na mauaji ya 1994, nilivuka daraja la Rusizi karatasi ile ikiwa ndani ya nailoni, imefungwa kifuani. Wengine walivuka na magodoro. Kila nilicho nacho leo, nyumba, duka la vifaa vya ujenzi, watoto wanne waliomaliza chuo, kimetoka kwenye karatasi ile na kwenye mikono hii. Nasema bila aibu.

Basi nikapewa ukumbi niusimamie, nikaitwa Direkta. Lilikuwa jengo refu la matofali, bati limetoboka, madirisha hayana vioo, na nyuma yake uwanja wa udongo mwekundu. Aliyekuwa na ufunguo kabla yangu ni Mzee Saidi, fundi seremala, Mwislamu wa Kamembe, ambaye miaka yote ile hakuondoka. Hakuna aliyemwajiri. Vita vilipotulia alikuta mlango umeng'olewa, akatengeneza mwingine, na kwa kuwa mlango ulikuwa wake, ufunguo ukabaki wake. Wavu wa voliboli aliushona mwenyewe kwa nyuzi alizoletewa na wavuvi wa kisiwa cha Nkombo, na ulinuka samaki mvua ikinyesha.

Namna yake ya kuendesha mambo ilinichekesha. Vijana walipokuja kucheza hakuandika kitu. Alisimama mlangoni akiwahesabu wanavyoingia: wa kwanza kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia, mpaka pande mbili zijae. Siku nyingine vivyo hivyo, na timu nyingine kabisa. Hapakuwa na timu iliyodumu zaidi ya alasiri moja.

"Mzee," nilimwambia wiki ya kwanza, "kwa mtindo huu hatutapata timu kamwe. Kule Muganza, kiwanda cha saruji kina timu yenye jezi. Sisi tutapeleka watu tusiowajua?"

"Direkta," alijibu bila kuacha kupiga randa, "miye nabajua bote."

Nilidhani anajisifu kuwajua wote, na kujisifu nilitaka kubaki nako peke yangu.

Nilifanya mengi mazuri, nisijidharau. Nilitengeneza ratiba, nikaibandika ukutani kwa mwandiko wangu mzuri: asubuhi kusoma na kuandika kwa watu wazima, Alhamisi kushona, Jumapili baada ya kanisa ngoma, Jumatano na Jumamosi voliboli ya wasichana. Ijumaa mchana tulifunga Mzee aende msikitini. Watu walikuja. Ng'ambo, kwenye Zaire iliyokuwa sasa inaitwa Kongo, vita vilikuwa vimeanza tena, na siku nyingine tulisikia mizinga katikati ya mchezo. Mpira ulisimama mikononi mwa mtu, watu wakasikiliza, kisha ukaendelea.

Katika wasichana wale, wawili walinipa tamaa. Vestine alikuja kwa miguu kutoka Giheke, mkimya, mwenye vidole vya kuinua mpira ukatua pale pale unapotakiwa. Odette alikuwa wa hapo hapo Kamembe, mrefu, mwenye mdomo, na akiupiga mpira unasikia sauti mpaka barabarani. Hesabu ya mlangoni ikiwaweka upande mmoja, uwanja mzima ulisimama kutazama.

"Nipe juu, Vestine! Juu!" Odette alipiga kelele. "Hiyo ni ya kuku, mama! Miye niko kuku?"

Vestine alicheka bila sauti, akampa mwingine, juu zaidi. Nikajiambia hawa ndio watakaotupeleka Muganza. Ila kwanza tusajili watu kama kituo cha watu waliosoma.

Fomu niliiandika mwenyewe, kwa kufuata zile tulizojaza shuleni Zaire. Jina lako. Jina la baba, jina la mama. Yu hai au amekufa. Yuko wapi na anafanya kazi gani. Kilima cha asili, yaani kijiji cha ukoo wenu. Hapa naomba unielewe, mwanangu, kwa sababu sikuwa mtu mbaya. Kwetu sisi tuliokulia uhamishoni, maswali hayo yalikuwa utamu. Katika kila harusi na kila msiba pale Bukavu, mzee alikushika mkono akakuuliza baba yako nani, babu yako alitoka kilima gani. Ukimjibu, anakukumbatia. Mara mbili niligundua kwamba niliyekuwa nazungumza naye ni ndugu yangu wa damu. Kwa maswali hayo tulibaki Wanyarwanda bila kuwa na nchi. Nilirudi nayo kama mtu anayerudi na zawadi.

Siku ile ya meza, foleni ilikuwa ndefu. Walikuwa wamejaza kumi hivi alipofika Odette.

"Baba?"

Akataja jina.

"Yu hai?"

"Amekufa."

"Mama?"

"Amekufa. Na ndugu, kabla hujauliza, andika hakuna."

Nikaandika hakuna. Nikampa pole kwa adabu. Akasogea pembeni ya meza kumngojea mwenzake, kwa sababu mwenzake ndiye aliyefuata.

"Vestine. Baba?"

Akalisema jina kwa sauti ndogo.

"Kwa nguvu, dada, nisikosee herufi."

Akalirudia.

"Yu hai?"

"Yuko."

"Yuko wapi? Kazi gani?"

Akaangalia kitambaa cha meza. Nyuma yake watu wakaanza kusukumana.

"Jibu basi, wenzako wanangoja."

"Yuko gerezani," alisema.

Miaka ile, mwanangu, magereza yalijaa watu walioshitakiwa kwa mauaji yale, na hakuna aliyehitaji kuuliza gerezani kwa kosa gani. Odette alikuwa hatua moja kutoka kwake. Alimtazama Vestine, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu. Akaokota kandambili zake akaondoka, akielekea sokoni. Vestine akaondoka upande wa pili, wa barabara ya Giheke. Hawakutukanana. Foleni ikamomonyoka kama mchanga, mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka kazi aliyoiacha nyumbani, na baada ya robo saa nilikuwa nimebaki na meza yangu.

Jumatano hakuja mtu. Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Mpira ulikaa katikati ya uwanja, na mbuzi wa jirani alikula chini ya wavu. Niliogopa. Kituo kisicho na watu kingefungwa, nami ningerudi sokoni na beseni. Nilihuzunika pia, lakini nakiri kwamba hofu ilitangulia.

Mzee Saidi hakunikemea siku hiyo wala siku iliyofuata. Alikuja Jumatatu, akakaa kwenye benchi alilolitengeneza, akaomba aone fomu. Alizigeuza moja moja ingawa alisoma kwa shida.

"Direkta, unajua ju ya nini miye siulizake?"

"Kwa sababu unawajua tayari."

"Ee. Babu ya Odette nilimutengenezea kitanda ya harusi. Baba ya Vestine nilimutengenezea meza. Miye nilikuwa hapa. Weye ulikuwa Bukavu." Akageuza fomu nyingine. "Na bale mabinti, unazani bao habakujua? Giheke iko mbali? Kila mumoya alijua, na alijua mwenzake anajua. Lakini hapana muntu alimulazimisha kuisema. Njo maana bakaweza kucheza. Weye umebalazimisha, tena mbele ya batu."

Nikasema sikuwa na nia mbaya.

"Najua. Ungekuwa na nia mbaya singekuya kukaa hapa." Akagusa rundo kwa kidole kimoja, kama linaunguza. "Na hii karatasi. Majina, baba fulani, kilima fulani, iko hai, haiko hai. Hapa kwetu batu balishaona karatasi ya namna hii. Unajua ilitumika nini?"

Nilijua. Kwa karatasi kama hizo watu walitafutwa nyumba kwa nyumba wakauawa. Nilikuwa nimesoma habari zake, nimezisikia redioni, nimezililia nikiwa Bukavu. Halafu nilikuwa nimekaa nyuma ya meza na kuiandika upya kwa mwandiko wangu mzuri.

"Nitazichoma," nilisema.

"Hapana! Uchome, batu baone moshi, baseme Direkta anachoma nini? Umebaandika, ubarudishie. Kila mumoya mukononi mwake. Kwa miguu."

Nikaenda kwa miguu. Siku mbili zilitosha kwa wale wa Kamembe. Mmoja aliichana mbele yangu, mwingine akaisoma yote akasema nimekosea jina la mama yake. Odette aliichukua akiwa jikoni, akaitia kwenye moto wa makaa chini ya sufuria ya maharage, akakoroga.

"Odette, nakuomba unisamehe. Vestine naye..."

"Vestine nini? Miye sikumuulizaka kitu. Weye ndiye uliyeuliza." Akaendelea kukoroga. "Giheke umeshafika?"

"Kesho."

"Nenda mapema basi. Kule kunapanda."

Vestine nilimkuta shambani. Aliipokea karatasi, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama sanduku la kiberiti, akaiweka kiunoni ndani ya kitenge.

"Odette umempa yake?"

"Nimempa. Ameichoma."

Akainua jembe lake. Nami sikumwomba arudi. Kwa mara ya kwanza tangu nivuke daraja, nilikuwa na swali nikalimeza.

Tuliondoa meza. Mzee Saidi alirudi mlangoni na kuhesabu kwake, watu wakaanza kuja, sita, kumi, kisha pande mbili zikajaa. Odette alikuja Jumamosi ya tatu. Vestine alikuja mvua za masika zilipoanza. Mzee hakumpa salamu ya pekee, alimwambia tu, "Wa saba, kulia." Kwa wiki nyingi hesabu iliwatenga, au ikiwaweka pamoja walisimama mbali, na Odette alipigiwa mpira na mtu mwingine. Alipiga akiwa kimya. Uwanja ule bila mdomo wa Odette ulikuwa kama msiba.

Ilikuwa Jumatano. Vestine aliingia, Mzee akasema kushoto. Odette alikuwa nyuma yake kabisa, kwa hiyo zamu yake ilikuwa kulia, na yeye aliiona hesabu kama mimi. Akainama mlangoni akaanza kufunga kamba ya kiatu. Alifunga, akafungua, akafunga tena. Msichana mmoja akampita, akaambiwa kulia. Hapo Odette akasimama, akaingia. Mzee Saidi alimtazama kiatu, akatazama juu kwenye bati lililotoboka, akasema, "Kushoto."

Sikuambii kwamba walipatana. Sijui waliongea nini baadaye, wala kama waliongea, na mpaka leo sijauliza. Ninachojua ni kwamba kabla mchezo haujaisha nilisikia kutoka ofisini kwangu, "Nipe juu, bwana! Juu!" na ule mshindo uliofika barabarani. Nilifunga mlango wa ofisi, nikalia. Muganza tulikwenda mwaka uliofuata, tukafungwa seti tatu kwa sifuri. Hata hivyo ratiba yetu ilikuwa nzuri kuliko yao.

Sasa nasaha yangu, na uishike. Diploma yako ni kitu kikubwa, usikubali mtu akuambie si kitu. Lakini ukipewa funguo za mahali pa watu, kabla hujabandika ratiba yako, kaa siku nyingi utazame ni kitu gani wenyeji hawaulizani, na usiwe wewe wa kwanza kuuliza. Mtafute aliyekuwa pale kabla yako, hata kama hasomi, umsikilize zaidi ya unavyomfundisha. Jina la kumwita mtu uwanjani linatosha. Mengine atakuambia mwenyewe, siku akitaka, au asikuambie. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usitume barua. Nenda kwa miguu mpaka mlangoni kwake, hata kama kunapanda.

Mungu akupe ukumbi wenye kelele, mwanangu. Akupe mikono inayojenga na masikio yanayotulia, na asikunyime mtu wa kukaa nawe kwenye benchi siku utakayokuwa umeharibu. Vijana wako wazeeke wote wakiwa hai.