Swali Lililokosa Mwulizaji

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wa Kidato cha Nne, katika shule moja ya Kanamkemer, pembeni mwa mji wa Lodwar huko Turkana, namna wabunge wanavyowahoji mawaziri. Lilikuwa somo la kipindi kimoja, lisilo na utata. Mbunge huandika swali na kulipeleka kwa karani wa Bunge. Waziri hupewa muda wa kutafuta jibu. Siku ikifika, mbunge husimama akauliza, waziri husimama akajibu, kisha wengine huongeza maswali yao ya papo hapo. Nilipenda kuwaambia wanafunzi kwamba hayo ya nyongeza ndiyo yenye uhai, kwa kuwa jibu la kwanza waziri huandikiwa na maofisa wake, bali la pili hulitoa kichwani mwake, mbele ya watu. Niliyasema hayo nikiwa na chaki mkononi na moyo mtulivu. Sikuwa na mtu wangu ndani ya swali lolote.

Kufikia mwisho wa mwaka 2012 nilikuwa naye. Mdogo wangu alikuwa nesi katika kituo kimoja cha afya cha Kakuma, upande wa mji, nje ya kambi ya wakimbizi. Serikali ilikuwa imemwajiri yeye na wenzake wawili kwa kandarasi, na kandarasi hiyo ingeisha katikati ya mwaka uliofuata. Hakuna aliyekuwa amewaambia kama wangeingizwa katika ajira ya kudumu au wangefunga virago. Alikuwa na mtoto mchanga na hakuwa na mume wa kumtegemea. Na wao wakiondoka, wodi ya wazazi ingebaki na nesi mmoja, ambaye naye angehitaji kulala.

Mbunge wetu alikubali kulifikisha jambo hilo Bungeni. Swali lilikuwa fupi: je, waziri anafahamu kwamba manesi hao wanakaribia kuachishwa kazi, na ni lini atawapa ajira ya kudumu? Mara ya kwanza lilipoitwa, waziri hakuwepo, wala msaidizi wake. Spika akawaka, akaagiza lijibiwe Jumanne ya juma lililofuata. Mdogo wangu aliposimuliwa ukali huo wa Spika alicheka kwa furaha. Mimi sikucheka. Nilijua kwamba uchaguzi ulikuwa unakuja, kwamba Bunge lile lilikuwa likihesabu vikao vyake vya mwisho, na kwamba swali lisilojibiwa hufa pamoja na Bunge lilimoulizwa. Jumanne ile ikitupita, nilihofia hatungepata nyingine.

Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa Kakuma nikimsaidia mdogo wangu kulea. Jumamosi mbunge aliingia mjini kwa mikutano ya kampeni. Manesi wakamwomba apitie kituoni Jumatatu asubuhi, kabla hajashika barabara ya Lodwar kwenda kupanda ndege ya Nairobi, ili wamshukuru kwa alilofanya na kwa lile alilokuwa akienda kufanya. Walichanga wakanunua mbuzi.

Naweza kuiona asubuhi ile mpaka leo. Akina mama waliokuja kliniki na watoto wao waliimba na kuruka, shanga zikigongana shingoni, naye mbunge aliruka nao akiwa amevaa viatu vya Nairobi. Ajuza mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango hakusimama. Mbunge alipomwendea na kumsalimu "ejok", aliuachia mkono wake polepole, akamwambia, "Mheshimiwa, nasikia huko Nairobi nyinyi nauliza waziri mpaka anatoka jasho. Sisi hapa tukiuliza, nyinyi napanda gari."

Watu wakaangua kicheko. Mbunge naye alicheka, akamwahidi kwamba kesho yake atamsikia redioni kwa masikio yake mwenyewe.

Ahadi ilikuwa njema. Tatizo lilikuwa mbuzi. Kwetu mgeni haondoki nyama ikiwa motoni. Akiondoka amewatukana waliochinja. Nyama ilichelewa kuiva, kisha ikalazimu wazee wapewe sehemu yao kwa mpango wake, kisha hotuba. Dereva wa mbunge alikuja kusimama nyuma ya bosi wake mara kadhaa, akitingisha funguo. Mbingu juu yetu ilikuwa nyeupe bila wingu, lakini upande wa magharibi, kule kwenye milima inayopakana na Uganda, palikuwa na weusi wa mbali. Kila aliyekulia Turkana anajua maana yake: mvua hainyeshi kwako, ila maji yake yanakuja kwako kupitia laga, ile mito mikavu inayokatiza barabara. Nilimnong'oneza mdogo wangu kwamba tumwache mgeni aende. Akaniangalia kana kwamba nimemwomba amfukuze baba yetu.

"Dada, bado hajala figo," akasema. "Ataondoka vipi?"

Aliondoka jua likiwa limeshainama.

Siku ya pili, saa za mchana, tulikwenda kwenye hoteli ya mfanyabiashara mmoja Msomali sokoni, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na dishi na televisheni kubwa. Kwa kawaida watu walilipia chai ili watazame mpira. Alipowaona manesi wote watatu wameingia, mmoja bado akiwa na sare, aliwauliza leo inacheza timu gani. Mdogo wangu akamjibu kwamba ni manesi dhidi ya waziri. Mwenye hoteli akainamisha kichwa kwa heshima, akatafuta idhaa iliyokuwa ikionyesha kikao moja kwa moja, akatuletea chai bila kuagizwa.

Nilikuwa nimempigia mbunge simu tangu alfajiri bila kumpata. Nilijiambia kwamba yuko ndegeni, kisha kwamba yuko mkutanoni, kisha kwamba Bungeni simu huzimwa. Spika alipokuwa akiingia na msafara wake, mwenye hoteli aliinama mezani kwetu. Hakutaka wengine wasikie.

"Mwalimu, lori yangu imekwama lagani tangu jana usiku. Maji imejaa," akaniambia. "Dereva amenipigia, yeye ako upande wa Lodwar, huko kuna network. Anasema ng'ambo anaona gari ya Mheshimiwa. Sukari yangu iko upande ule, Mheshimiwa wenu yuko upande huu."

Sikuwaambia manesi. Nilihesabu uwezekano uliobaki, kama mtu anavyopapasa mifuko akitafuta kitu anachojua amekipoteza. Mbunge angeweza kumwomba mwenzake amwulizie swali, lakini hilo lilihitaji simu, na pale aliposimama hapakuwa na mtandao. Angeweza kurudi Kakuma kupiga simu hiyo. Bila shaka hakurudi kwa sababu ile ile inayowaweka wasafiri wote ukingoni mwa laga: kila unapotazama maji, unayaona kama yameanza kushuka.

Spika aliita swali letu. Alitaja nambari yake na jina la eneo bunge. Kamera iligeuka kumtafuta mwulizaji ikaonyesha kiti kitupu cha ngozi ya kijani, na mbunge wa jirani akitazama huku na huku. Spika akasema watalirudia baadaye. Akaendelea na la daraja la mahali pengine.

"Amechelewa kidogo," mdogo wangu akasema. "Foleni ya Nairobi."

Hapo ndipo nilipomwambia. Alinitazama, kisha akamtazama mwenye hoteli, naye akayashusha macho. Nesi mwenye sare akauliza kama waziri hawezi kujibu tu, maadamu yuko pale. Na kweli alikuwa pale. Waziri msaidizi alikuwa ameketi safu ya mbele, karatasi zimekunjwa mkononi. Mara kwa mara alizifungua, akazisoma, akazikunja tena. Jibu lilikuwa limekuja. Lilikuwa limeandikwa, limepigwa chapa, limebebwa mpaka ndani ya ukumbi, na lilikuwa hatua chache kutoka kwenye kipaza sauti. Niliwaeleza kile nilichokuwa nimekieleza mara nyingi darasani bila kukisikia: waziri hajibu swali ambalo halijaulizwa.

Maswali mengine yaliisha moja baada ya jingine. Niliomba yarefuke, kana kwamba mtu aliyekwama lagani angeweza kuingia kwa mlango wa Bunge endapo lile la daraja lingezua mabishano zaidi. Spika akaliita letu mara ya pili. Kiti kilikuwa bado kitupu. Akasema swali limeondolewa, kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha, na waziri msaidizi akaziweka karatasi zake ndani ya koti.

Mwenye hoteli alikataa malipo ya chai. Mdogo wangu hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu, ikiwa ule uso wa waziri msaidizi, nilivyouona mimi, ulikuwa uso wa mtu aliyebeba ndiyo au aliyebeba hapana.

Mbunge alivuka Jumatano, akafika Nairobi, akaliandika swali upya na kulipeleka kwa karani. Swali halikupata nafasi tena. Bunge likavunjwa, uchaguzi ukafanyika mwezi wa Machi, naye akashindwa. Katiba mpya iliwatoa mawaziri Bungeni kabisa. Wangehojiwa na kamati, siku wanazoitwa, na si kusimama ukumbini kila juma. Huduma za afya nazo zilikuwa zikihamia kwenye serikali ya kaunti, ambayo ofisi zake Lodwar zilikuwa bado zinanuka rangi. Nilizunguka ofisi hizo katika likizo ya Aprili nikiuliza habari za manesi wa kandarasi wa Kakuma. Kila niliyemwuliza alikuwa mstaarabu. Wa kaunti alisema wale ni wa wizara. Niliyempigia simu wizarani alisema wale sasa ni wa kaunti. Nilirudi darasani nikalifundisha somo lile kwa vitabu vilivyokuwa vimepitwa na wakati, na msichana mmoja aliponiuliza siku hizi nani humwuliza waziri, nilimwambia tutalitazama kipindi kijacho.

Kandarasi iliisha bila neno kutoka kwa yeyote. Asubuhi iliyofuata nilimpigia simu mdogo wangu kabla ya gwaride la shule, nikitarajia kumkuta nyumbani. Nyuma ya sauti yake nilisikia vyombo vya chuma na mwanamke akiguna.

"Uko kituoni?" nikamwuliza. "Nani amekuambia uende?"

"Hakuna aliyeniambia nisiende, dada," akasema. "Wangetukataa wangesema."

Nilianza kumwambia kwamba hawatamlipa, kwamba likitokea lolote kwa mgonjwa hana karatasi ya kumlinda, kwamba ana mtoto. Alinikatiza akaniomba nisubiri, kuna mama amefika na chupa imeshapasuka. Aliiweka simu mezani bila kuizima. Nikamsikia akimwambia mtu apande kitandani, ageukie ukutani, apumue. Kengele ya shule ilipigwa, wanafunzi wakaanza kujipanga uwanjani. Sikukata. Nilisimama barazani nikisikiliza, hadi salio langu likaisha na simu ikanyamaza kabla mtoto hajalia.