Kizibo Nilichoharakisha

Nilisikia kicheko kilichozibwa kwa kiganja kabla sijamwona aliyecheka. Nikajua ni Rehema, mdogo wangu. Tangu alipoanguka kwenye mawe kule kwetu Gare, jino lake la mbele likafa na kuwa jeusi, hakuwahi kucheka mdomo wazi. Kicheko chake cha mdomo wazi, jamani, nilikirudisha mimi, kisha nikakiua mimi. Kwa mikono yangu hii!

Ilikuwa miaka ya ruksa, zahanati za watu binafsi zikifunguliwa hadi huku kwetu Lushoto. Nilikuwa tabibu wa meno katika mojawapo.

"Dada tabibu," alinitania, "Jumamosi ijayo naolewa. Au unataka nimchekee bwana harusi nikiwa ndani ya shela?"

Nikalitoboa jino kwa nyuma, nikausafisha na kuuziba mzizi wake, nikaweka dawa ya kung'arisha ndani yake. Siku chache baadaye likawa jeupe kama wenzake. Alijitazama kiooni akacheka, meno yote nje! Mungu wangu, sijasahau.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilifundishwa, na nilijua: dawa ile hata ikitolewa huacha mabaki ndani ya jino, na kizibo cha kudumu kikiwekwa mapema hakishiki sawasawa. Unaweka cha muda, unasubiri kama wiki mbili. Lakini mumewe alikuwa anamchukua Mufindi mara tu baada ya harusi, kwenye mashamba ya chai.

"Huko nani ataniziba, dada?"

Sikuwa na moyo wa kumwambia asubiri. Nikaitoa dawa, nikaweka kizibo cha kudumu siku ileile. "Hili sasa mpaka uzeeni," nikasema.

Mpaka uzeeni! Mwaka haukuisha, akarudi, khanga mdomoni. Jino lilikuwa limegeuka rangi, ufizi umevimba. Mate yalikuwa yakipenya pembeni ya kizibo changu.

"Nimekosea wapi, dada? Mume wangu ananiuliza kama huwa sisafishi kinywa."

Na mimi, bila haya, nikamjibu: "Labda hukulitunza."

Akainamisha kichwa, akaniomba msamaha. Yeye, akaniomba msamaha mimi!

Nikaling'oa, halikuwa la kuokoa tena. Lilipokuwa kiganjani mwangu nilishindwa kuendelea na uongo. Nikamwambia yote.

"Ulijua?" akauliza, ameuma pamba.

"Nilijua."

"Ungesema tu. Ningemwomba mume wangu tukae kwa mama hizo wiki mbili. Angekubali, dada."

Ninyi mnaoziba meno ya watu, nawasihi, msione huruma kama yangu. Mwambieni mtu asubiri, hata kama harusi iko mlangoni. Na kazi yenu ikiharibika, msimtwishe mgonjwa lawama!

Rehema hakunifokea. Alijifunika mdomo kwa kiganja, kama zamani.

"Baki salama, tabibu," akasema.

Hakusema dada. Akatoka nje, kwenye ukungu wa milimani, akaufunga mlango taratibu nyuma yake.