Jezi ya Njano Niliyompa Mjomba

Watu wa Kilosa wakitaka kunitania hawaniiti Ester, wananiita Dada Kwaya, na mgeni akiuliza jina hilo limetoka wapi mimi huaga na kuondoka, maana najua kisa kitasimuliwa, na najua wataongeza chumvi hadi nionekane mwendawazimu kabisa. Basi leo nakisimulia mwenyewe. Aibu ni yangu, acheni itoke mdomoni mwangu, na mkicheka mcheke taratibu.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia, maduka ya Magomeni ya hapa Kilosa yaliyozoea kuuza chumvi na kiberiti yakaanza kujaa sabuni za kila rangi, na kampuni moja mpya ya sabuni ikaona njia nzuri ya kujitangaza ni kuajiri wanawake ishirini washindane kwa baiskeli kutoka mji hadi mji. Kuajiri kweli, kwa mkataba (mama aliniambia nimsomee ule mkataba mara mbili, anatafuta mahali palipoandikwa kazi yenyewe ni ipi). Mimi nilikuwa nimebeba nyanya kwa baiskeli tangu nina miaka kumi na miwili, miguu ninayo, nikajiandikisha nikachukuliwa.

Mbio zenyewe zilikuwa za siku nne. Siku ya kwanza tunazunguka Morogoro mjini, ya pili Morogoro hadi Mikumi, ya tatu Mikumi hadi Kilosa kwetu kwenye vumbi, ya nne tunarudi Morogoro, na atakayekuwa wa kwanza baada ya siku zote nne atapelekwa Ulaya kushindana na wanawake wa huko. Nilipompa Mjomba Danieli habari hiyo aliniuliza kwa nini wahangaike na ndege wakati Ulaya ni hapo tu. (Kwa wasiojua, kwetu kuna kijiji kinaitwa Ulaya, kipo njiani ukitoka Mikumi kuja Kilosa, na Mjomba alikuwa na mashemeji huko.) Nikamweleza kwamba ni Ulaya ile nyingine. Akasema sawa, ila akaniangalia kama mtu anayedanganywa.

Na huyu Mjomba lazima mumjue, la sivyo hamtaelewa upumbavu wangu. Ni kaka yake mama, na kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, baba atakulea na kukulisha lakini neno la mwisho ni la mjomba. Kitu chako cha kwanza kabisa kutoka kwenye kazi unampelekea yeye, kwa mikono miwili, hayo ndiyo malimbuko, na akishapokea ndipo kazi yako inakuwa na baraka. Kaka yangu alipoajiriwa alimpelekea shati. Mimi nilikuwa sijampelekea kitu, kwa sababu mshahara ulikuwa hadi mbio ziishe, na jambo hilo lilinikaa moyoni kwa sababu nampenda Mjomba kuliko mtu yeyote, nasema wazi.

Siku ya pili niliingia Mikumi nikiwa wa tatu. Nikakaa chini pembeni ya malori, nakunywa maji, nikasikia jina langu kwenye kipaza sauti. Nikapandishwa jukwaani, na mwamuzi mkuu, Mwalimu Mwanaidi (mwalimu wa michezo mstaafu, filimbi haikumtoka shingoni), akanivisha jezi ya njano inayong'aa.

"Mwalimu," nikamnong'oneza, "mimi si nimekuwa wa tatu?"

"Leo umekuwa wa tatu. Kwa jumla unaongoza kwa dakika nne."

Mambo ya jumla, yaani kujumlisha muda wa siku zote, alikuwa ametueleza Morogoro, akachora na ubaoni, na wote tulitikisa vichwa, na mimi nilitikisa zaidi ya wenzangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa sijaelewa. Kwa hiyo pale Mikumi nikajumlisha mwenyewe kwa akili yangu: kila siku ina jezi yake, hii ya leo wamenipa mimi, kesho watampa mtu mwingine jezi nyingine. Nani angeniambia kwamba jezi ni moja, na inatembea?

Nashuka jukwaani, namwona Mjomba. Alikuwa amepata lifti kwenye lori la shamba la mbegu la Kilangali, na lori lilikuwa linageuza wakati ule ule.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuona umepita, ulikuwa nyuma ya wawili."

Nikaivua ile jezi (ndani nilikuwa na fulana), nikaikunja vizuri, nikampa kwa mikono miwili. "Mjomba, malimbuko."

Akaipokea, akajifuta macho kwa nyuma ya kiganja. "Hii ni ya mshindi?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Na wewe ni wa tatu?"

"Ndiyo."

"Basi sijaelewa," akasema, "lakini nimepokea."

Lori likapiga honi, akapanda, akaenda zake Kilosa na jezi kifuani. Nililala gesti usiku ule kwa raha ambayo sijaipata tena.

Asubuhi tunajipanga barabarani, Mwalimu Mwanaidi anapita anahesabu watu, akafika kwangu akasimama. "Ester, jezi iko wapi?"

Na hapa ndipo ningesema ukweli, jamani. Ningesema nimempa mjomba wangu, angefoka, wangetuma pikipiki, yangekwisha. Lakini nilimwona amekunja uso nikajibu, "Nimeifua, Mwalimu."

"Ivae hivyo hivyo, jua litaikausha."

"Bado inachuruzika maji, Mwalimu."

"Jezi ni moja, Ester, kampuni imeshona moja tu kwa mbio zote. Anayeongoza bila njano haondoki hapa. Nakupa robo saa."

Kichwa kikazunguka. Moja? Kwa mbio zote? Nikakimbilia gesti, kwa Mama Tabu mwenye gesti, nikamwambia nataka kitu chochote cha njano, hata pazia. Mama Tabu hakuuliza swali, akafungua sanduku akanitolea blauzi yake ya kwaya. Njano, ndiyo. Na kola nyeupe ya lesi, na mikono ile ya kuvimba mabegani iliyokuwa fasheni siku hizo, na Mama Tabu mwenyewe alikuwa mama wa mwili. Nikaivaa juu ya fulana yangu yenye namba, namba ikapotelea ndani, nikarudi barabarani. Mwalimu Mwanaidi akanitazama kutoka kola hadi pindo, akatazama saa.

"Njano ni njano," akasema. "Panda."

Nikwambieni kitu kuhusu ile mikono ya kuvimba: ukiteremka mlima inajaa upepo. Kila mteremko nahisi mtu ananivuta mabega kwa nyuma, kila nikikanyaga naona sisogei, na vumbi linaingia kwenye lesi. Kabula akanisogelea. Huyu alikuwa wa pili kwa jumla, binti wa wafugaji waliohamia kwetu kutoka Shinyanga, mpole, ana mapafu ya ajabu.

"Dada," akaniuliza bila kucheka, "leo unaendesha au unapaa?"

Tukawaacha wenzetu, tukabaki wawili. Tulipopita Ulaya (Ulaya yetu) watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili, na mama mmoja akauliza kwa sauti huyu wa kwaya katoka kanisa gani, na mwingine akajibu kwa uhakika kabisa kwamba natoka Mikumi na wenzangu wanakuja nyuma kwa gari. Mimi nakanyaga tu. Nilikuwa najiambia, Ester, ukimaliza na Kabula bega kwa bega, dakika zako nne ziko palepale, kesho Morogoro, halafu Ulaya ile ya kweli. Jezi nitajua la kufanya nikifika.

Sasa sikilizeni yaliyokuwa yanatokea Kilosa, ambayo mimi nilikuja kuambiwa baadaye. Mjomba aliamka mapema, akaivaa ile jezi juu ya shati lake la kanisani, ikambana kila mahali, akachukua baiskeli yake nyeusi ya Kichina akatoka nje kidogo ya mji kuja kunipokea. Na wale vijana wa kampuni waliowekwa njiani walikuwa wameambiwa jambo moja tu: mkiona njano, huyo ndiye anayeongoza, pigeni tarumbeta. Wakaona njano. Tarumbeta zikalia. Pikipiki ya msafara ikawasha taa, ikakaa mbele ya Mjomba, na Mjomba, ambaye ni mtu wa heshima, akadhani anapokewa kama mjomba wa mwanamichezo, akageuza baiskeli akafuata pikipiki huku anapunga mkono. Mwalimu Mwanaidi yuko kwenye gari nyuma yetu, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kusema hapana. Mjomba wangu, mzee wa miaka sitini na mitatu, akakata utepe wa mbio za wanawake. Mgeni rasmi akamvisha shada la maua na kumpa katoni ya sabuni. Inasemekana alisita kidogo, akaangalia kwenye karatasi yake, kisha akaendelea.

Sisi tunaingia mjini, mimi na Kabula, tunakuta barabara imejaa migongo ya watu. Hakuna utepe, hakuna anayetuangalia. Mgambo akasimama mbele yetu, akasoma namba ya Kabula kifuani, akampisha. Mimi akanishika usukani.

"Kwaya nyuma ya jukwaa, dada."

"Mimi nashindana, kaka, niachie."

"Mbio zimekwisha, mshindi ameshafika."

"Mshindi gani?"

"Mzee mmoja hivi."

"Mzee? Hizi si mbio za wanawake?"

"Hata mimi nimeshangaa," akasema mgambo, "lakini ana njano."

Nikajaribu kumwonyesha namba yangu, nikafungua kifungo cha kwanza, akageukia pembeni akaniambia nijiheshimu, dada wa kanisa. Na kweli nyuma ya jukwaa kulikuwa na kwaya, wamevaa buluu, mmoja wao akanipungia mkono nipite upande wa soprano. Namwona Kabula mbele anavuka mstari. Natazama saa ya jukwaani. Dakika mbili. Tatu. Wakati Mwalimu Mwanaidi, ambaye gari lake lilikwama nyuma ya umati, anashuka garini na kupuliza filimbi hadi mgambo akaachia usukani, zilikuwa zimepita dakika sita. Nilivuka mstari nikiwa natembea kwa miguu, nasukuma baiskeli, nalia.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Mwalimu akapanda jukwaani, akaongea na mgeni rasmi, wakahesabu, wakahesabu tena, kisha akachukua kipaza sauti akatangaza kwamba sasa anaongoza Kabula kwa dakika mbili, na akamgeukia Mjomba. "Shikamoo mzee. Tunaiomba hiyo jezi."

Mjomba akanyoosha shingo. Alikuwa ananitafuta mimi kwa macho kwenye umati, na aliponipata hakuuliza kwa nini nimevaa nguo ya kwaya.

"Ester. Ulinipa au uliniazima?"

Kipaza sauti kilikuwa karibu naye, Kilosa nzima ikasikia. Ningesema nilimwazima, ningemfanya mwongo mbele ya watu wote aliokuwa amewaonyesha malimbuko yake tangu jana. "Nilikupa, Mjomba."

"Basi hawa wanadai nini?"

Nikainamisha uso kwenye kola ya lesi. Mjomba akainua mikono juu mwenyewe apate kuvuliwa. Mwalimu akavuta, jezi ikagoma mabegani. Akavuta kijana wa kampuni, ikakwama kichwani, shati la kanisani likapanda nalo, tumbo la mjomba wangu likabaki wazi mbele ya mgeni rasmi, ambaye alianza kuangalia mawingu. Kutoka ndani ya ile jezi nikasikia sauti ya Mjomba, taratibu tu, inaniita. Nikapanda jukwaani, na mimi, mwenye mikono ile ile miwili iliyompa, nikamvua.

Kabula alikataa kuivaa kabla hajamsalimia. Alipiga goti pale juu, akasema shikamoo, na Mjomba akaitikia marahaba huku anachomeka shati. Sikuwahi kumchukia Kabula, na sababu ni hiyo.

Nilimaliza wa pili. Kabula alikwenda Ulaya, akaniandikia kadi kwamba kuna baridi na kila mtu ana haraka. Mama Tabu nilimrudishia blauzi ikiwa na mkono mmoja, wa pili ulichanika njiani, akasema Mungu anaangalia moyo. Na mimi niliapa mambo mawili: sitatikisa kichwa tena kwa kitu nisichokielewa, hata kama darasa zima linatikisa, na sitampa mtu kitu kabla sijauliza kama ni changu.

Kiapo nimekishika. Ila kwa Mjomba hakijasaidia. Mshahara ulipotoka nilimpelekea shati, akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaniuliza kwa upole kabisa kama mbio za shati zimekwisha. Hakuwa anatania. Mwaka huu nimempelekea blanketi, amezeeka na anasikia baridi. Nilipopita baada ya siku tatu nilikuta bado limo kwenye mfuko wake, limewekwa juu ya kiti karibu na mlango, na yeye amejifunika koti.

"Mjomba, mbona hujajifunika?"

"Nimeona niwape wenyewe siku chache," akasema, "wasije wakapata taabu ya kunivua."