Vali Hupimwa Pande Zote Mbili

Siku ile mumewe alimwambia, "Tangulia, nakuja," naye akatangulia. Alifungua mlango wa karakana, akafagia, akawasha kompresa ili ijae upepo kabla mwenyewe hajafika. Kompresa ilijaa, ikajizima. Alikuwa bado ameshika ufagio pale jirani yao mchomeleaji alipoingia bila hodi na kumwambia arudi nyumbani.

Mumewe, ambaye wateja walimwita Fundi Kimya kwa kuwa alimnyamazisha kila mtu wakati wa kupima vali za mabomba, alifariki akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Kiatu kimoja kilikuwa kimefungwa kamba, kingine bado.

Ni asubuhi ya Alhamisi, miezi kadhaa tangu msiba. Mjane wake ameinama juu ya benchi lile lile. Wateja humwita Mama Buluu, na ukiviona vidole vyake huna haja ya kuuliza sababu.

Anapaka wino wa buluu kwenye uso wa kizibo cha shaba, kipana kama kisahani cha chai. Anakilaza juu ya kiti chake, yaani pete ya chuma ambayo kizibo hukalia vali inapofungwa. Anakizungusha kidogo, anakiinua. Kwenye kiti imebaki duara ya buluu, nyembamba kama uzi, ila mahali pamoja imekatika.

"Hapo patapita," anasema. "Mvuke hauhitaji mlango. Ukiupa tobo la sindano umefurahi."

Anachota dawa ya kusagia, uji mzito wenye chembe kama mchanga laini, na kuanza kusaga kizibo juu ya kiti, huku na huku, bila kukandamiza. Kisha anafuta, anapaka wino upya na kutazama tena. Kazi hiyo inaweza kumchukua nusu siku.

Watu wengi hudhani vali huziba kwa nguvu za mkono wa anayeifunga. Mama Buluu hucheka akisikia hivyo. Vali nyingi zinazofika kwake zimeuawa na mikono yenye nguvu: mtu ameona tone, akachomeka bomba kwenye usukani wa vali ili apate mkono mrefu, akakaza mpaka akakwaruza kiti.

"Mume wangu alikuwa akiwaambia, hili si kopo la rangi uligongee kifuniko," anasema. "Vyuma viwili vikilingana, hata mkono wa mtoto unafunga. Visipolingana, kaza mpaka mishipa ikutoke, maji yatapita yakikuangalia."

Kila aina ina namna yake ya kuzuia. Vali ya kipepeo ina sahani inayogeuka ndani ya mpira, na mpira ndio unaobanwa. Isiyorudisha haina hata usukani. Ina kibao chenye bawaba, maji yakienda mbele yanakisukuma, yakitaka kurudi yanajifungia wenyewe.

Anayoipenda zaidi ni ya tufe. Ndani yake mna mpira wa chuma uliotobolewa katikati. Tundu likielekea bomba, maji yanapita. Ukiligeuza ubavu, yanakutana na chuma kitupu. Kinachomfurahisha ni kwamba maji yenyewe hulisukuma tufe likakalia kiti cha upande wa pili, na yakizidi nguvu, linakalia vizuri zaidi.

"Yaani yanajikomoa," anasema. "Mara ya kwanza nilipoelezwa sikulala. Nilimwamsha mume wangu nikamwambia, hebu nieleze tena."

Alijifunza kazi hiyo baada ya kuolewa. Alianza kwa kuleta chakula cha mchana, akabaki kuosha vyuma, akashika dawa ya kusagia na hakuiachia tena. Baada ya muda mumewe alikiri kwamba mkono wa mkewe ulikuwa mwepesi kuliko wake, wakagawana kazi. Mke alisaga, mume alipima. Sheria ya karakana ilikuwa moja: aliyesaga hapimi, kwa sababu jicho la aliyetoka jasho huona kile linachokitaka.

Kwa hiyo kifo kile kiliacha karakana bila mpimaji. Kati ya wateja wanne wakubwa, wawili walihama mapema. Wa tatu alikuja kutoa pole na kuondoka na vali zake ambazo hazijaguswa. Kiwanda cha sabuni kilibaki, na ndicho kilicholipa pango.

Mama Buluu alimaliza vali moja kubwa ya kiwanda hicho na kuipima mwenyewe. Haikuonyesha povu hata moja, akairudisha kiwandani. Ilipofika ya pili, moyo ulimsuta. Akamwita wifi yake, dada wa marehemu, ambaye hushona nguo mtaa wa pili.

"Sijui vali mimi," wifi alisema siku hiyo, amesimama mlangoni akiogopa kuchafua kanga.

"Sihitaji ujue. Nahitaji uangalie povu."

"Umemzamisha kaka yangu kwenye grisi maisha yake yote, sasa umeona zamu yangu imefika?"

"Ingia, wifi. Kigoda nimekifuta."

"Kwa kitambaa gani?"

Ilikuwa vali ya lango. Hii ina bamba la chuma lenye umbo la kabari, linaloshuka kukata njia ya maji na kubanwa katikati ya viti viwili, kimoja mbele, kingine nyuma. Waliisimamisha kwenye meza ya kupimia, wakaifunga, wakamimina maji kidogo upande wa juu. Mama Buluu akafungulia upepo kutoka chini. Kama kuna pa kupenya, povu hutokea kwenye maji.

Wifi alikodoa macho, mikono mapajani. Dakika zikapita. Maji yalitulia kama kioo.

"Hakuna kitu," alisema.

"Basi imepita." Mama Buluu alifunga upepo na kuchukua kitambaa ili akaushe maji.

"Na upande wa pili?"

"Wa pili upi?"

"Wifi, mimi nikishona gauni naligeuza ndani nje kabla mteja hajaja. Hiki chuma hakina ndani?"

Mama Buluu anasimulia kwamba alisimama na kitambaa mkononi, akimwona akilini mumewe akivuta mnyororo wa winchi, akiinua vali na kuipindua. Alimwona akifanya hivyo miaka yote mume akiwa amempa mgongo, yeye mke yuko kwenye kusaga.

"Nilidhani anamwaga maji," anasema polepole. "Miaka yote nilidhani anamwaga maji tu. Nikaona mimi niko peke yangu, winchi ya nini? Nitakausha kwa kitambaa."

Waliipindua. Upepo ulipofunguliwa, kukatoka povu moja, likafuatwa na mengine, mfululizo, madogo madogo.

Maelezo ni rahisi ukishayajua. Upepo kutoka chini hulisukuma bamba likalie kiti cha juu. Kiti hicho kikiwa kizima, kitaficha ubovu wa cha chini. Ni mpaka uigeuze ndipo kile kingine kinapobeba mzigo na kusema ukweli wake.

"Haya, imevuja. Si utasaga tena?" wifi alimwambia, akishangaa kumwona amekaa chini.

"Hii nitasaga. Ile ya kwanza iko kiwandani."

Vali ile ilikuwa imefungwa kwenye bomba la maji ya moto, ambalo ndani yake maji huelekea huku leo na kule kesho. Siku pampu ya bomba hilo itakapoharibika, mafundi wataifunga vali na kuingiza mikono ndani ya bomba wakiamini upande wa pili umezibwa.

Wifi alimshauri alale kwanza, afikirie. Alijua pango linatoka wapi. Mama Buluu alikwishaanza kutafuta simu.

Fundi mkuu wa kiwanda hakupokea habari kwa utulivu. "Unaniambia nisimamishe mtambo kwa sababu hukupima?"

"Nilipima upande mmoja. Wa pili siujui."

"Mama, kama inavuja, hii ndiyo kazi ya mwisho."

"Sawa. Lakini mtu asiifungue ile pampu kabla hamjaitoa vali."

Ililetwa kesho yake mchana, na fundi mkuu akaja nayo, uso umekunjwa. Wifi alikaa kwenye kigoda. Mama Buluu alitaka kusogea, wifi akamwonyesha kidole. "Wewe umesaga. Kaa kule."

Alikaa kule. Hakusikia chochote isipokuwa mnyororo wa winchi, kisha upepo, kisha wifi yake akisema, "Nyamazeni," ingawa hakuna aliyekuwa akiongea.

Upande wa kwanza haukutoa povu. Wa pili pia.

"Kumbe nzima!" fundi mkuu alifoka. "Sasa mbona umenisumbua?"

"Jana sikuwa najua kama ni nzima," Mama Buluu alimjibu.

Mwanamume huyo alibeba vali yake na kuondoka bila kuaga. Majuma mawili yalipita bila neno. Halafu gari la kiwanda likasimama mlangoni na vali tatu, na sharti la fundi mkuu: kila moja itapimwa yeye akiwa amesimama pale, na atakayepima ni yule mama wa cherehani.

Mama Buluu ana matumaini ya kuwarudisha wateja wawili waliohama. Amempelekea mmoja wao ujumbe kwamba karakana ina mpimaji.

Siku za Alhamisi wifi hafungui cherehani. Anafika karakana mapema, anafuta kigoda mwenyewe kwa kitambaa alichotoka nacho nyumbani, na vali aliyoikataa inarudi benchi, hata mteja akiwa anaisubiri.