Mafiga ya Muzee wa Kilembe

Benye banataka kucheka, bacheke sasa, bamalize. Nitangoja. Nimechoka na batu wa soko benye bananisikiliza na mukono ku kinywa, kisha nikizunguka tu, banasema eti ule mama wa vitenge anaota muchana. Sikuota. Miye sinywake kasiksi, sinywake hata ile bia tamu ya basichana. Hii yenye niko nasema niliiona na haya macho, na mikono yangu muko munaiona wenyewe. Hizi alama si za mafuta ya mikate.

Niko na mabinti babili. Masika, mukubwa, aliolewaka zamani, anaishi Eringeti. Kisha Kavira. Kwetu Banande jina inasema zamu: Masika ni binti wa kwanza, Kavira ni wa pili, hata ukikutana naye mara ya kwanza mu njia unajua. Kavira alikuwa ameposwa na kijana wa Beni, fundi wa magari, mutoto wa adabu, sina neno naye. Ndoa ilipangwa kisha Pasaka. Donc Kavira akaanza kunilia: Mama, mbele niingie mu nyumba ya bwana, nivuke basi mupaka hata mara moja, nione kwa benzetu.

Kulikuwa kijana moja wa Beni, Kasereka, mwenye kazi yake ni kutembeza batu. Munalala Kasindi, ku mupaka, asubuhi anawavusha Uganda na minibus, anawaonyesha Kilembe, mji ya zamani kwenye balichimbaka shaba, kisha Fort Portal, nyumba ya mufalme juu ya kilima, na mangaribi muko mumerudia Kasindi. Ule kijana anasema kama redio. Kutoka asubuhi masikio yalikuwa yananiuma. Mais Kavira alikuwa anacheka ku dirisha, nikanyamaza juu yake.

Kilembe haikunipendeza, nawaambia bila kuficha. Bonde nyembamba, muto wenye umetupa majiwe makubwa kila pahali, machine za zamani zimeshika kutu, na nyumba za batumishi zimepangwa mistari mistari, zingine bila paa. Kasereka alikuwa anapiga kelele mbele ya chuma fulani, anatuambia namna balikuwa banashuka mu shimo. Mvua ikaanza. Bengine bakakimbia mu minibus. Kavira akaniambia kwa sauti ya chini kama anataka kujisaidia, tukaenda nyuma ya mustari wa mwisho wa nyumba.

Pale, ku mulango ya nyumba yenye haina paa, muzee alikuwa amekaa.

Alikuwa amevaa mabuti ya kaucho na kofia ya chuma ya batu ya mugodi. Mbele yake chungu ilikuwa juu ya mafiga, yale majiwe tatu ya kupikia ya kwetu, meusi na moshi. Mvua ilikuwa inapiga, sisi tumeloana mpaka mu nywele. Yeye alikuwa mukavu. Kofia yake, mukavu. Mavumbi ku mabuti yake, mavumbi ya jua. Niliona hiyo kitu, na akili yangu ikakataa kuifikiria. Haijakufikia weye? Unaona kitu, unajua kabisa, mais kinywa inaendelea kusalimia.

Alitusalimia na Kinande. Si hii yetu ya Butembo yenye tumechanganya na Kifaransa, ile ya bazee, ya Vuhovi, ya kijiji ya mama yangu. Akauliza tunatoka wapi, nikamwambia. Hakufurahi. Mutu wa kwenu anakukuta mu inchi ya bengine, si anafurahi? Uyu alituangalia kama batu benye bamemuchelewesha. Akauliza binti anaitwa nani. Kavira akasema jina yake, na yule muzee akatikisa kichwa.

«Wa pili,» akasema. «Mukubwa ameshaenda kwa bwana?»

Kavira, bila kufikiria, akajibu ndiyo.

Muzee akatosha chungu ku mafiga, akafunga majiwe yote tatu mu blanketi moja ya rangi ya majivu, akamupatia Kavira mu mikono. Akasema ni commission, tumupelekee kwao. Nikauliza kwao kwa nani, jina ya familia ni nini. Akasema tukifika, tutajua pa kuweka. Miye nilimwambia Kavira aache, majiwe hata Butembo iko. Mais munajua sisi Banande. Mutu wa kwetu akiwa mbali akikupa muzigo wa nyumbani, haukataliwe. Unakula nini kama umekataa commission ya mutu wa kwenu? Hata ku soko batakusema mpaka ukufe. Kavira eko na roho nyororo, akasema wasingya, asante ya kwetu, akaweka muzigo ku kichwa. Tulipofika ku minibus nikagusa blanketi. Ilikuwa moto.

Kutoka pale safari iliharibika. Fort Portal ni mji muzuri, sikatae, barabara safi, majani ya chai kando kando. Mais ku mulango ya nyumba ya mufalme mulinzi aliangalia ule muzigo, akasema kitu na luga ya kwao, akarudia nyuma. Kasereka akatufasiria: kile kitu kibaki inje. Kavira akakataa kuiacha. Akabaki nayo inje, amekaa chini, muzigo ku magoti, mufalme na nyumba yake hakuviona. Nilimuletea ndizi ya kuchoma, akasema ameshiba. Ameshiba nini? Hakuwa amekula kitu toka asubuhi. Nilimukalipia sana siku ile. Alikuwa ananiangalia tu, na akasikia harufu ya moshi, akaniuliza nani anapika.

Bon. Sasa musikilize vizuri namna tunavukaka Kasindi, juu iko pale njo kila kitu kilipotea.

Weye mwenye unavukaka unajua. Minibus ikirudia kutoka Uganda, bitu ya kila mutu binagawanywa. Mama moja akinunua sabuni mingi, anakupatia kidogo, anampatia uyu kidogo, na douanier, ule wa ushuru ya mupaka, akiuliza, kila mutu anasema: ni yangu, ni ya kutumia nyumbani. Ukisema «hii si yangu, nimeshikia mutu», muzigo unabaki, gari inabaki, na daraja ya Lubirihya inafungwa mangaribi. Batu wote batalala mu gari juu yako. Donc tumezoea. Hata mutoto wa kunyonya, kama angeweza kusema, angesema ni yangu.

Jua lilikuwa linashuka. Douanier aliingia ku minibus, kijana wa uso ya kukasirika, akapita ku sabuni, akapita ku biscuits, akafika kwa Kavira. Akagonga blanketi na fimbo, ikalia kama jiwe.

«Hii ya nani?»

Niliona Kavira anafungua kinywa. Nilitaka kusema mbele yake. Akanitangulia.

«Ni yangu,» Kavira akasema. «Ya nyumba yangu.»

Douanier akaandika alama yake ya chaki, akashuka. Batu bakacheka na furaha, Kasereka akaanza tena redio yake. Miye niligeuka ku kioo ya nyuma. Upande wa Uganda, ku mwanzo wa daraja, ule muzee wa Kilembe alikuwa amekaa. Mutu mwenye tulimuacha nyuma ya milima. Akasimama. Akavuka daraja na miguu, polepole, kati ya batu wa mizigo na polisi, na hakuna mutu alimuomba karatasi.

Tulilala Kasindi, juu barabara ya Beni mangaribi haipitwe, munajua sababu, batu wa bunduki. Niliingia mu chumba kuweka bitu, nikatoka, Kavira hakuwa pale. Nikasikia moshi. Alikuwa mu lupango, ule uwanja wa nyuma ya nyumba. Alikuwa amepanga mafiga tatu chini, moto unawaka, chungu ya mama mwenye nyumba juu yake, na kitambaa yake amefunga namna bibi wa mutu anafungaka akiwa nyumbani kwake. Nikamuita. Hakugeuka. Nikamuita na jina ya ubatizo, hakugeuka.

«Bwana eko anakuja kula,» akasema. Sauti yake njo ile. Mais aliisema na Kinande ya bazee, na mutoto wangu hajawahi kuishi Vuhovi.

Muzee alikuwa ngambo ingine ya moto. Sikumuona akiingia. Mabuti yake bado makavu. Na sasa uso wake niliuona vizuri, haukuwa uso wa mutu mwenye kuomba. Ulikuwa uso wa mutu mwenye deni yake imefika.

Nilimwambia aondoke. Nilimwambia maneno mengine yenye siwezi kurudilia hapa, juu kuko batoto.

«Miaka yote batu wa kwetu banapita kule,» akasema. «Nawaita. Hakuna mwenye alisema niko wake. Uyu amesema. Amesema mbele ya serikali.»

«Amesema juu ya douane.»

«Amesema ya nyumba yake. Mwenye kuvusha mafiga yangu njo atanipikia.»

Munielewe. Mutu wa kwetu akikufa mbali, tunamuleta nyumbani. Tunauza mbuzi, tunauza shamba, tunamuleta. Kama hakuletwa, kuko sababu, na ile sababu ilikuwa imekaa mbele yangu, inaangalia mutoto wangu kuanzia kichwa mpaka miguu. Nilisikia woga, ndiyo. Mais mbele ya woga nilisikia kasirani. Binti nimebeba ku mugongo mu soko, nimelipia masomo, mwenye bwana wake anamungoja Beni, eti apikie mutu mwenye kaburi yake haijulikane?

Nikasukuma chungu na muguu, maji yakamwangika mu moto. Nikashika jiwe la kwanza na mikono yangu yote mbili. Lilikuwa jekundu chini. Nikasikia ngozi inalia, na sikuliacha. Nikaliweka mu kitenge yangu, nikarudilia la pili, nikarudilia la tatu.

«Ni yangu,» nikasema. «Binti alibeba tu. Mama yake njo mwenye muzigo. Mafiga ni yangu, na nyumba ni yangu, na nitapika miye.»

Muzee aliniangalia na chuki yenye sijawahi kuona hata kwa mutu muzima.

«Weye umezeeka,» akasema.

«Na weye umekufa.»

Moto ulikuwa unazimika. Kisha akasema, «Basi utapika. Siku utaacha, nitaenda kwake.» Na Kavira akaanguka chini kama mutu wa usingizi. Asubuhi hakukumbuka kitu. Aliona mikono yangu, akalia, nikamwambia nilianguka ku moto wa mama mwenye nyumba.

Tulipofika Butembo nilitwika yale majiwe mu ile blanketi, nikaenda nayo Vuhovi. Nilipita lupango kwa lupango nikiuliza nani alikuwa na mutu Kilembe. Ku nyumba moja mama muzee sana alitoka, akafungua blanketi, akaangalia mafiga kitambo kirefu. Alijua. Nawahakikishia alijua. Akafunga blanketi tena, fundo yake vizuri, akasema hawana mutu Kilembe, hawajawahi kuwa naye. Nikamuomba aseme tu ule muzee aliwafanyia nini. Akafunga mulango. Nikasikia anasukuma kitu kizito nyuma yake. Padiri naye alikuja kwangu, akabariki nyumba, akabariki jikoni. Ile siku chungu ilichemka bila kuni.

Donc nipo hapa Rughenda, mu Butembo, na kila mangaribi napika ku yale mafiga. Bugali, sombe, kama iko samaki, samaki. Anakaa ku kona, karibu na mulango wa nyuma. Hasemi asante. Chakula inabaki mu sahani, mais haina tena ladha, hata imbwa wa jirani haigusi. Mara moja nilikuwa na homa, sikuinuka. Kesho yake bwana ya Kavira akanipigia simu kutoka Beni: bibi yake amekutwa mangaribi mu lupango, anatafuta majiwe. Toka ile siku, hata na homa, ninainuka.

Kavira aliolewa. Kanisa ilikuwa Beni, na sikuenda. Amezaa, mutoto mwanamuke, wa kwanza, Masika basi. Sijamushika. Nikienda, uyu wa kona atanifuata, na ataona nyumba yenye eko na bibi kijana ndani na mutoto mwenye zamu yake itafika. Kavira anapigaka simu mangaribi, saa ya kazi yake imeisha, anaweka simu ku kinywa ya mutoto ili anisemeshe. Siku moja nilisahau, nikaitika karibu na moto. Mutoto akacheka. Yule muzee, mwenye hainuaka kichwa hata nikimutukana, akainua kichwa. Nikakata simu. Sasa mangaribi naizimaka.

Kama unavukaka Kasindi, sikia neno yangu. Wakikuuliza muzigo ni ya nani, na si yako, sema si yako. Gari ibaki. Mulale pale na njaa, batu wakutukane mpaka asubuhi. Na mutu wa kwenu akikupa commission bila kutaja jina ya familia yake, mwachie mu mikono, hata kama alikusalimia na luga ya mama yako.

Na kama munamukuta Kavira ku Beni, atawauliza juu ya nini mama yake hakuji. Hapana kumuambia hii. Mumuambie sikupenda bwana yake. Anaanza kuiamini tayari, na afadhali aiamini.