Rafu ya Juu Kabisa

Duka la baba mdogo, kule Makindye, halikuwahi kuwa na ngazi. Lilijaa vitasa, misumari, mabomba na makopo ya rangi hadi darini, lakini ngazi baba mdogo alikataa kununua, maana alikuwa na rafiki yangu. Mtoto wa mwanajeshi, mtu wa kaskazini aliyezaliwa kambini, mwenye vidole kama koleo. Alipanda rafu zile huku mteja bado anauliza bei.

Tulijuana kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, nyuma ya kilima. Nilimkuta ameng'ang'ania jabali, hana pa kukanyaga, anatukana kwa lugha tatu. Nikamwelekeza kutoka chini: kulia kidogo, kuna ufa. Akafika juu, hakunishukuru, akasema kesho nije mapema.

Tangu hapo yeye alipanda, kamba kiunoni, mimi nikapiga kelele. Anayekwea haoni miguu yake; lazima awe na mtu wa chini. Nami urefu hunitia kichefuchefu, hata mnara wa msikiti sijafika nusu. Wapita njia walituuliza kama tunafanya mazoezi ya kutoroka jela ya Luzira.

Nikamleta dukani, kelele zikahamia huko, yeye Afande, mimi Sheikh.

"Kushoto, Afande! Kando ya misumari!"

"Sheikh, nyamaza, mimi naona!"

Hakuona chochote. Kuna wateja walionunua vitasa wasivyovihitaji, ili watazame tu.

Kisha akapata kazi ya ulinzi Uarabuni. Siku ya kuondoka alipanda mara ya mwisho, akaiweka kamba yetu ya kukwelea kwenye rafu ya juu kabisa.

"Hiyo usiuze, umesikia?"

Alipiga simu mara chache, halafu kimya, nami nikanuna kama mke aliyeachwa. Baba mdogo alizeeka, duka likawa langu. Mteja akitaka kitu cha rafu ile, nilimwambia hatuna.

Mwaka huu Afande akaingia, kitambi mbele, anachechemea. Goti liliharibika huko huko. Hakusalimia. Aliinua macho darini.

"Bado iko?"

"Iko. Nimekutunzia," nikasema, kama shujaa. Ukweli ni kwamba nisingeifikia hata ningetaka kuiuza.

Akashika ubao wa kwanza, akainua mguu, akaurudisha sakafuni. Akajaribu tena, akaurudisha tena. Nilikuwa nimemwekea matusi ya miaka yote ile, yakaniishia mdomoni. Nampenda jamaa huyu, na sikutaka aniulize ngazi iko wapi. Nikavua kandambili, nikapanda mwenyewe.

"Kulia, Sheikh! Weka mguu pale kwa rangi! Si hapo, banange, hapo ni hewa!"

Nilifika. Nikaitupa kamba, ikamwangukia begani na vumbi lake. Panya walikuwa wameshaila katikati. Akaikumbatia hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kushuka. Nikang'ang'ania ubao hadi makopo yakagongana.

"Usiangalie chini," akasema.

"Niangalie wapi?"

"Angalia mimi."

"Na wewe uko wapi, mjinga wewe?"

Nikafumba macho, nikateremsha mguu mmoja, nikapapasa. Ukakuta viganja vyake viwili. Nikavikanyaga kwa uzito wangu wote, naye akaguna, akaanza kutukana, sasa kwa lugha nne.