Herman Lotz, Mfukuza Watu

Magazeti ya sinema yanaandika kwamba Herman Lotz alizaliwa akichekesha. Uongo mtupu. Mimi, Cora Wexley, nilimpigia piano miaka miwili mjini Newark, Marekani, na sijapata kuona mtu asiyechekesha kama yule.

Ukumbi wa Duffield ulifunguliwa saa sita mchana, na maonyesho yalizunguka bila kukatika mpaka usiku. Tiketi moja, kaa utakavyo. Watu walikuja na soseji zao, wakavua viatu, wakajikalia tu, huku foleni ya nje inapiga kelele. Kwa hiyo kila mzunguko ulifungwa na mchekeshaji mbovu, aliyewekwa makusudi awachoshe watu wainuke waende zao. Mbovu wetu alikuwa Herman, mtoto wa mwoka mikate, na ndoo yake ya kujikwaa. Wafanyakazi wote tulijua isipokuwa yeye. Alidhani anafunga onyesho kwa sababu ndiye nyota wetu.

Duffield, mwenye ukumbi, alishatuonya: "Atakayemwambia, kazi hana." Nilikuwa na mama mgonjwa, nikanyamaza.

Lakini Herman alikuwa na mdomo. Watu wakitoka, lawama zote kwangu. "Wewe mwanamke, hiyo ni piano au unachanja kuni?" Alhamisi moja, mwaka 1909, alinifuata nyuma ya jukwaa nikila mkate wangu.

"Nimeshaongea na mzee Duffield," akasema. "Ama wewe, ama mimi. Jumatatu tafuta pa kwenda."

Nikachemka. Nikamtolea uvivu.

"Herman, unajua kwa nini uko mwisho? Ili watu waondoke! Umeajiriwa kwa ubovu wako, bwana. Hata mfagiaji anajua!"

Nilitaka aumie, na aliumia. Kengele ikalia; ilikuwa zamu yake.

Nilipoketi kwenye piano, watu walikuwa tayari wanavaa makoti.

"Kaeni chini!" Herman akafoka. "Wewe wa masharubu, unakwenda wapi? Nyumbani? Nani anakutaka huko?"

Akaruka kumfuata. Mguu ukaingia kwenye ndoo, akabingirika juu ya piano yangu, akatua mapajani mwa mpiga tarumbeta. Akainuka na ndoo mguuni, bado anatukana. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Makoti yakavuliwa. Kadiri alivyowatukana ndivyo walivyoshika mbavu. Wala hakuwa akichekesha. Alikuwa na hasira ya kweli, na mimi ndiye niliyemtia. Dakika arobaini nzima hakuna aliyetoka. Huko nje foleni ikavunja kioo cha mlango.

Pazia liliposhuka, Duffield alikuja amevimba shingo.

"Viti vyote vimejaa! Chukua ndoo yako upotee! Na nani amemwambia huyu?" Akatugeukia sote. "Nauliza, nani?"

Herman alinitazama, damu inamtoka puani. Kunitaja kungemchukua sekunde moja, nami nisingekuwa na la kumlaumu.

"Nimejua mwenyewe," akasema. "Unadhani mimi mjinga, mzee?"

Akaenda zake. Mwezi uliofuata alikuwa kwenye viwanja vya kutengenezea sinema huko Fort Lee, akipigwa mbao za uso mbele ya kamera, na nchi nzima ikamjua.

Alinificha kwa huruma, au aliona aibu kusema nimemfumbua macho mimi? Kwa kiburi chake, siwezi kujua. Kazi yangu ilibaki, mama akapata dawa, na mimi nikaendelea kumchukia, kwa sababu ni vigumu kumshukuru mtu usiyempenda.

Mwaka jana alikuja Newark kugawa picha zake. Nilipanga foleni kwa saa mbili nzima, asante yangu imekaa mdomoni. Hakuinua kichwa.

"Jina nani, mama?"

"Cora," nikasema.

Akaandika, akanipa picha, akanyoosha mkono kwa aliyekuwa nyuma yangu, nami nikaondoka na asante yangu bado mdomoni.